Picha Arobaini za Kometi

Kabla ya kumpeleka kwa daktari, Fundi alikuwa amekwisha kumtengenezea mkewe miwani mara tatu. Ndiyo kazi aliyoijua. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la miwani, na ndani yake mashine ya kusagia vioo, ndoo ya maji yaliyogeuka maziwa kwa unga wa vioo, na taa iliyoinamia meza. Aliyeingia na karatasi ya vipimo alitoka anasoma hata maandishi ya nyuma ya kiberiti. Basi mkewe alipoanza kusema kwamba taa zina duara za rangi, na alipoanza kugonga kingo za milango aliyoipita miaka ishirini na sita, Fundi alimpima, akasaga, akamvisha. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mkewe alikuwa mshonaji, mtu asiyependa kumvunja mwenzake moyo, na kila mara alisema, "Afadhali kidogo." Hakukuwa na afadhali yoyote. Ilikuwa presha ya macho, na presha ya macho haina habari na miwani. Walipofika hospitali jicho la kulia lilikuwa limekwisha kwenda, na la kushoto liliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Fundi hakujisamehe. Sioni kwa nini angejisamehe.

Mbali na miwani, alikuwa na ugonjwa mmoja zaidi, nao ni nyota. Wanaume wa rika lake walishikwa na mpira au siasa, yeye alishikwa na darubini. Ya kwanza aliiunda mwenyewe kwa vioo vilivyotupwa dukani, siku hizo bado wachumba. Alimwonyesha binti wa watu sayari ya Zohali na pete zake, na binti akapiga ukelele hadi jirani akafungua dirisha kuuliza nani anaibiwa. Fundi alipenda kusema kwamba alioa ukelele ule, mengine yalikuja yenyewe. Darubini aliyokuwa nayo sasa ilikuwa ya dukani, nzito, yenye mota ya kuifanya ifuate nyota zinavyotembea, na mfuko mweusi ambao mkewe aliushona kwa kipimo, hata vifungo akavifunika kitambaa visikwaruze bomba.

Lakini tangu Fundi apate kamera, mkewe aliitwa juu ya paa kwa nadra. Kamera ikishachomekwa nyuma ya darubini, hakuna pa kuweka jicho. Lenzi ya kutazamia inatolewa, kamera inakaa mahali pake, na kinachoonekana kinaonekana kwenye kijioo cha kamera tu, kidogo kama kisanduku cha viberiti. Fundi alikuwa ametimiza miaka tisa akitazama anga kwenye kijioo hicho.

Miaka hiyo tisa ilikuwa na sababu. Kulikuwa na chama cha watazama nyota, watu saba na birika moja la chai, na mwenyekiti wake alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia ambaye hata mkewe mwenyewe alimwita Mwenyekiti. Kila mwaka chama kilitoa kalenda yenye picha kumi na mbili zilizopigwa na wanachama. Watu saba, picha kumi na mbili, na kwa miaka yote tisa picha ya Fundi haikuwahi kuingia. Kila mara kulikuwa na dosari: nyota zimevutika, mwezi umeungua kwa mwanga, ukungu. "Fundi," Mwenyekiti alimwambia mwaka mmoja mbele ya wote, "wewe unavisha miwani watu wazima na watoto. Picha zako nani atazivisha?" Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Fundi naye alicheka, lakini alicheka jino pembe, na utani ule ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ndipo zikaja habari za kometi, nyota ya mkia, mpya kabisa. Ingepita karibu na jua, ionekane siku chache tu, halafu iende zake na isirudi kabla ya miaka elfu kumi na nne. Jioni hiyo Fundi alirudi nyumbani anatembea kama kijana. Alimkuta mkewe anapiga pindo la shuka kwa kupapasa, kidole kikitangulia sindano.

"Mama, inakuja nyota ya mkia," alisema. "Hii utaiona kwa jicho lako mwenyewe. Nakuahidi."

"Jicho lenyewe moja."

"Moja linatosha. Darubini nayo ina moja."

Mkewe alicheka, akamtafuta mkono, akaupiga kidogo kama anayefunga mapatano. Tangu siku ile akawa anahesabu. Kila Fundi alipotoka kwenye mkutano wa chama, swali la kwanza lilikuwa, "Nyota yangu imefika wapi?" Fundi alimchorea njia yake kwa kidole mgongoni, kutoka bega hadi kiunoni, na kumwonyesha ilipo wiki ile.

Miezi ilienda, na jicho la kushoto nalo likaanza kuaga. Daktari wa macho, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliwaeleza bila kuzunguka. Wasipopasua, jicho litazimika taratibu. Wakipasua, huenda likabaki na hicho kidogo lilichonacho, na huenda likazimika siku hiyohiyo. Akawapa tarehe, Jumatatu asubuhi.

Fundi na mkewe wakatazamana. Kometi ilikuwa ionekane jioni tatu tu katika anga lao, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, baada ya jua kuzama.

"Daktari," mke aliuliza, "Jumapili jioni naweza kutazama kwenye darubini?"

Daktari aliandika kitu kwanza, kisha akaweka kalamu. "Mama, tazama chochote unachotaka," alisema. "Tazama sana."

Ijumaa kulikuwa na mawingu. Walikaa juu ya paa hadi shingo zikauma, wakaambulia patupu. Jumamosi mawingu yalikuwa mazito zaidi, na mvua ndogo ikanyesha juu ya kamba za nguo. Fundi alifunika darubini kwa mfuko wake mweusi, akasimama pembeni akiuma midomo. Mkewe ndiye aliyembembeleza. "Bado kesho," alisema. "Kesho ni yangu."

Jumapili mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyosuguliwa.

Walipanda mapema. Paa lao lilikuwa la zege, tambarare, lenye ukuta wa kufika kiunoni, na upande wa magharibi ilisimama nyumba ya jirani na juu yake tangi la maji, jeupe, kubwa, la mabati yaliyopakwa rangi. Mke alikalia kigoda, shali mabegani, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitalini. Alikuwa amejisuka upya. Fundi aliona, akataka kusema kitu, lakini mikono yake ilikuwa inakaza skrubu na neno likampita.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Tangu giza litoshe hadi kometi ishuke nyuma ya tangi la jirani kuna dakika thelathini na tano. Kumi na tano za kamera, ishirini za mkewe. Kamera ingepiga picha arobaini, kila moja ya sekunde nane na mapumziko ya sekunde kumi na nne ya kuihifadhi, na baadaye kwenye kompyuta angezipanga zote moja juu ya nyingine ziwe picha moja, maana picha moja peke yake hutoka chengachenga tupu. Kamera itangulie, kwa sababu kometi ikiwa juu ndiyo safi. Ikishuka inaingia kwenye vumbi la mji.

Hesabu haikuwa na kosa. Ila kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakulitia kwenye hesabu wala hakumwambia mtu. Aliogopa. Kometi ile haikuonekana kwa macho matupu katika mwanga wa machweo, hata kwa mwenye macho mazima. Kwenye darubini ingekuwa wingu dogo tu, hafifu. Je, mkewe akiweka jicho lake la tundu la ufunguo, akatazama, na asione kitu? Asemeje, "Afadhali kidogo"? Picha ilikuwa na uhakika. Picha angeikuza iwe pana kama meza, aipandishe mwanga, mkewe aisogelee polepole mpaka aione yote. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Kwamba kalenda nayo ilikuwa kichwani mwake, hilo hakujiambia, lakini ilikuwepo.

Jua lilizama. Fundi aliielekeza darubini kwanza kwenye sayari ya Zuhura, iliyokuwa inang'aa peke yake, kisha akabonyeza namba alizopewa na Mwenyekiti, mota ikalia kama nyuki kwenye chupa, bomba likashuka kidogo na kusimama. Akapiga picha ya kujaribu. Akainamia kijioo.

Ilikuwepo. Kichwa kidogo chenye weupe wa maziwa, na mkia umesimama juu yake, unapinda kidogo kushoto.

"Imetoka?" mkewe aliuliza.

"Imetoka, mama."

"Ikoje?"

"Subiri, utaiona mwenyewe. Dakika chache tu."

Kamera ikaanza kazi. Ta, sekunde nane, ta. Fundi alihesabu kwa midomo. Mwanga wa magharibi ulikuwa unakufa, ukitoka kwenye rangi ya machungwa kwenda kwenye rangi ya jivu, na taa za mji zikaanza kuwaka moja moja.

"Fundi," sauti ya mkewe ilikuja taratibu, "giza limeingia, au ni jicho langu?"

"Giza limeingia."

"Haya. Nilitaka kujua tu."

Kwenye picha ya thelathini na mbili, Fundi alikuza picha kwenye kijioo kuangalia ukali wake. Nyota zilizokuwa ncha za sindano zilikuwa zimevimba kama punje za mtama. Bomba dogo linaloshikilia kamera lilikuwa limeteleza kwa uzito. Kulikuwa na skrubu ya kulikaza, na skrubu ile ilikuwa imelegea tangu mwaka jana. Alijua. Kila alipoikaza kwa vidole alijiambia ataishughulikia wiki ijayo. Fundi gani huyu, anayekaza miwani ya mji mzima!

Alitazama saa. Dakika kumi na tatu zimekwenda. Angeweza kutoa kamera pale pale, akaweka lenzi, akamwita mkewe. Zilibaki dakika ishirini na mbili na kometi ilikuwa bado juu ya tangi. Hilo alilijua waziwazi, na baadaye hakuweza kamwe kujidanganya kwamba hakulijua.

Alikaza skrubu kwa koleo, akarekebisha ukali, kazi iliyokula dakika nane, akaanza upya kutoka moja.

"Bado?"

"Bado kidogo, mama. Imesumbua kidogo."

"Mimi sina haraka," mkewe alisema. "Yenyewe ndiyo ina haraka."

Kumi na moja. Kumi na tisa. Kila alipotaka kukatisha aliona ingekuwa hasara kuachia njiani. Thelathini. Picha zilikuwa zinatoka safi, safi kuliko zote alizopata kupiga maishani, na mkono wake ulikataa kuzizima. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Mkewe alikuwa ameacha kuuliza. Alikuwa ameinua uso kuelekea magharibi, sipo hasa ilipo kometi, pembeni kidogo, na alikuwa anapepesa jicho lake kama anayelifanyisha mazoezi.

Arobaini.

Fundi alichomoa kamera, nusura aiangushe, akachomeka lenzi ya kutazamia, akazungusha gurudumu la ukali hadi pale alipoweka alama ya utepe. Mota ilikuwa bado inalia. Alimshika mkewe mabega, akamsogeza, akamwongoza kichwa kwa viganja viwili kama wanavyomshika mtoto anayenyolewa.

"Weka jicho hapa. Usisukume bomba. Tazama katikati."

Mke alitazama.

"Sioni... ngoja." Kisha pumzi yake ikakatika. "Naona! Baba watoto, naona! Kuna weupe. Mwingi! Mweupe kabisa, halafu umekatika upande mmoja, umenyooka kama pindo."

Fundi aliinua kichwa kutazama bomba lilikoelekea, na akaona. Mota, mtumwa mwaminifu, ilikuwa imeifuata kometi ilipokwenda, ikashuka nayo hatua kwa hatua hadi nyuma ya tangi. Na jirani alikuwa ameshawasha balbu ya paani. Darubini ilikuwa inatazama mabati meupe ya tangi la maji, karibu mno kuonekana sawasawa, na ukingo wake umekatika wima.

Mkewe alikuwa analia. Jicho halikutoka kwenye lenzi. "Nzuri," alikuwa anasema. "Yaa Rabi, nzuri. Ndiyo yenyewe, eh? Niambie ndiyo yenyewe."

"Ndiyo yenyewe," Fundi alisema.

Jumatatu mkewe alipelekwa chumba cha upasuaji ametulia kuliko watu wote wa wodi. Alimwambia daktari mfupi, "Nimetazama sana." Alhamisi wakamfungua bandeji, na upande wa pili wa bandeji hapakuwa na kitu. Daktari aliwasha tochi, akauliza inatoka wapi, na mke akaelekeza kidole mahali ambapo hapakuwa na tochi. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kitanda. Alitoka nje, akakuta benchi, akakaa, akasimama, akakaa tena.

Siku zile alizobaki peke yake nyumbani, usiku alizikalia picha arobaini. Alizipanga moja juu ya nyingine, akafuta chengachenga, akanyoosha anga. Unajua mtu mwenye majuto anavyofanya kazi, anasugua hata pasipo na doa. Picha ikatoka ya kutisha kwa uzuri. Kichwa, mkia, nyuzi nyembamba ndani ya mkia kama nywele zilizochanwa, na chini kabisa rangi ya jivu la machweo. Mwenyekiti alipoiona hakutania. Alivua miwani yake, ambayo Fundi mwenyewe aliisaga, akaifuta, akavaa tena, akasema, "Hii inakwenda kwenye jalada."

Nyumbani, mke alijifunza upya. Alihesabu hatua hadi jikoni, akapanga nyuzi zake kwa mafundo ili ajue rangi. Hakulalamika sana. Binti yao alipopiga simu kutoka mbali na kulia, mama ndiye aliyembembeleza binti. "Usinililie, mwanangu," alisema. "Wenzangu wanafumba macho wakitazama dari. Mimi nilimaliza na nyota ya mkia." Na kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa. Weupe mwingi. Umekatika upande mmoja, umenyooka kama pindo la shuka jipya. Masimulizi yalikua, akayatia chumvi kidogo, akaongeza kwamba ulikuwa unatetemeka. Wageni waliitikia kwa heshima. Fundi alikuwa anakwenda kuchemsha chai, hata kama chai ilikuwepo.

Mara mbili alipania kusema. Mara ya kwanza alimkuta amelala. Mara ya pili alimkuta anaimba huku anashona, na aliyeweza kumkatiza mtu huyo asiimbe hakuwa Fundi. Hivyo akanyamaza, na kadiri alivyonyamaza ndivyo tangi lilivyozidi kuwa nyota.

Mwisho wa mwaka Mwenyekiti alikuja mwenyewe na kalenda mkononi, imeviringishwa na kufungwa utepe. Alikaa, akakohoa, akaanza hotuba.

"Shemeji, kwa miaka tisa nimemtania huyu bwana. Leo nimekuja kutubu. Mumeo ametutoa kimasomaso. Picha yake iko juu ya jalada, watu wa vyama vingine wananipigia simu."

Mke alifurahi hadi akapiga makofi. Alipewa kalenda, akaikunjua mapajani, akaipapasa. Karatasi ilikuwa laini, haina kitu chini ya vidole. "Nionyeshe ilipo," alisema. Mwenyekiti, mwalimu hata kaburini, alimshika kidole cha shahada na kukiweka kwenye karatasi.

"Hapa ndipo kichwa, shemeji. Kidogo tu, kama tone. Halafu fuata nami, mkia unapanda juu, juu, unapinda kushoto, unazidi kufifia, hadi hapa. Huwezi kusema unaishia wapi."

Kidole cha mke kilisimama.

"Ukingo wake uko wapi?"

"Ukingo?"

"Ule ulionyooka. Mimi niliiona kubwa, imejaa weupe, halafu imekatika wima upande mmoja."

Mwenyekiti alicheka kwa upole. "Hapana, shemeji, kometi haina ukingo. Ni gesi na vumbi, haiwezi kunyooka. Na weupe mwingi hivyo, kwa kometi hafifu kama ile..." Hapo akamwona Fundi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni ameshika birika, na sura yake ilieleza kila kitu. Mwenyekiti aliweka kikombe chini. Alikumbuka ghafla kwamba ana safari, akaaga, akaacha chai yake nusu.

Mke alikuwa bado ameweka kidole juu ya karatasi.

"Lilikuwa nini?" aliuliza.

Fundi aliweka birika chini. "Tangi."

"Tangi gani?"

"La jirani. La maji. Nilichelewa, mama. Picha ziliharibika nikarudia, na nilipokuita ilikuwa imeshashuka nyuma ya tangi. Wewe ukasema unaona, ukalia. Nikashindwa."

Alisubiri ukelele, au matusi, au hata kalenda irushwe. Mkewe alianza kucheka. Alicheka kidogo, puani, kisha kicheko kikakosa pumzi na kuishia njiani.

"Tangi la maji," alisema. "Nimewasimulia watu mtaa mzima. Nimemsimulia daktari. Jirani mwenyewe nimemsimulia, Fundi, na akaniambia Mungu mkubwa."

"Nisamehe."

Mkewe aliondoa kidole kwenye karatasi. Alikunja kalenda polepole, akaanza kuiviringisha, kisha akaifungua tena, akailaza mapajani, akainyoosha pembe zake kama kitambaa kinachosubiri mkasi.

"Haya," alisema. "Mimi sikuiona. Imekwisha hiyo. Basi nisimulie wewe, mmoja wetu awe ameiona. Ilikuwaje?"

Fundi alivuta kiti, akakaa mbele yake, akashukuru moyoni kwa kupewa kitu cha kutoa. "Kichwa chake kilikuwa kidogo, cheupe kama maziwa," alianza. "Mkia umesimama juu, una nyuzi nyuzi ndani—"

"Hiyo ni ya kwenye karatasi. Mwenyekiti ameshanieleza. Nataka uliyoiona wewe, pale juu, kwa jicho. Kama mimi nilivyoona zile pete za Zohali. Ilikuwa inameta? Ilikuwa inaogopesha?"

Fundi alifumba macho. Alirudi juu ya paa kwa mawazo, akaitafuta. Alikuta namba nyekundu zinazohesabu sekunde nane. Alikuta skrubu, koleo, utepe, kijioo kidogo kama kisanduku cha viberiti, thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini. Akatafuta tena, kila dakika, kuanzia Zuhura hadi tangi. Kamera ilikuwa imechomekwa tangu mwanzo. Alipoitoa, aliyeweka jicho kwenye lenzi alikuwa mkewe.

"Sikuiona," alisema.

"Nani?"

"Mimi. Sikuitazama hata mara moja. Nilikuwa napiga picha."

Mkewe aliinua uso, akamwelekea alipo, pembeni kidogo, kama alivyokuwa ameielekea magharibi jioni ile. Hakuwa na hasira. Fundi angeshukuru angekuwa nayo.

"Na una macho mawili mazima," alisema.

Kisha akampa kalenda, akasimama, akahesabu hatua sita hadi kwenye cherehani, na akaketi kumalizia pindo aliloliacha asubuhi.